MJUSI WA KIMBOZA NA BUSATI LA MSIKITI

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, tunavyovijua na tusivyovijua. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Maswahaba zake wote.

Ndugu zangu katika imani, wiki iliyopita baada ya darsa kijana mmoja alinitumia swali. Aliandika hivi: "Sheikh, tumefundishwa kuwa anayemuua mjusi anaandikiwa thawabu. Sasa huku kwetu Morogoro tunaambiwa kuna mjusi wa buluu ambaye ukimchukua msituni unakamatwa. Tumfuate Mtume au tuwafuate watu wa misitu?"

Swali hili si geni kwangu. Nimeulizwa mara nyingi, na kila mara nimejibu kwa mkato: fuata sheria ya nchi, basi. Leo nalijibu kwa urefu, na mtanivumilia, kwa sababu jibu lake linapita katika aibu yangu mwenyewe.

Najua Muislamu hatakiwi kuitangaza dhambi ambayo Allah amemsitiria. Lakini kosa nitakalolisimulia sikulifanya chumbani. Nililifanya msikitini, mbele ya jamaa, nikiwa imamu. Fundisho baya lililotolewa hadharani husahihishwa hadharani. Na yule mwenzangu anayetajwa humu nimemwomba ruhusa, akanipa.

Tuanze na utoto.

Nilisoma madrasa kwa maalimu mmoja mkali na mwenye huruma, Allah amrehemu. Jengo letu lilikuwa la udongo, na baada ya Magharibi tulisoma kwa chemli. Taa ikishawaka, wadudu wanakuja, na wadudu wakija, mijusi nao wanatoka kwenye boriti. Nyote mnamjua mjusi wa nyumbani: mweupe, ngozi nyepesi kama karatasi iliyolowa, vidole vimeganda ukutani, sauti yake tk-tk-tk mtu akiwa anasema jambo. Kwa Kiswahili chetu huyo ni mjusi kafiri.

Maalimu alitusomea Hadithi ya thawabu mia kwa anayemuua kwa pigo la kwanza. Akatusimulia pia kwamba mjusi alikuwa akipuliza moto aliotupwa ndani yake Nabii Ibrahim (a.s.). Kwetu sisi watoto, hilo likawa ndilo maelezo ya jina lake la ukafiri. Tukavua kandambili. Mwenzangu mmoja alikuwa akichora mkaa ukutani, mstari mmoja kwa kila thawabu mia. Kabla ya Ramadhani kuingia alikuwa amefika elfu tatu, na sisi wengine tukimwonea wivu.

Hakuna kati yetu aliyeuliza: kwa nini ni pigo la kwanza?

Nilipokuwa mtu mzima na mimi nikapewa madrasa, niliwasomesha watoto vilevile nilivyosomeshwa. Hadithi ileile, kicheko kilekile, kandambili zilezile. Na madrasa yangu ya kwanza ilikuwa huko Matombo, upande wa mashariki wa milima yetu ya Uluguru, si mbali na msitu wa Kimboza.

HUYU WA KIMBOZA NI NANI?

Wengi wenu mnaonifuatilia kutoka Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na kwingineko hamjawahi kumwona, kwa hiyo nimweleze.

Kimboza ni msitu wa hifadhi wa Serikali chini ya milima ya Uluguru, njiani ukitoka Morogoro mjini kuelekea Matombo. Si mkubwa. Ni kama hekta 400, yaani kilomita za mraba 4. Mtu mwenye miguu mizuri anaweza kuuzunguka kati ya Adhuhuri na Magharibi. Ardhi yake ina miamba ya chokaa iliyochongoka, na juu ya miamba hiyo na pembeni yake huota mikadi. Watu wa pwani mnaujua mkadi kwa maua yake yenye harufu nzuri. Majani yake ni marefu, yana miiba ukingoni, na pale yanapokutana na shina hushika maji ya mvua.

Ndani ya majani hayo ndimo anamokaa yule mjusi. Ni mdogo, mwili na mkia wake haufiki urefu wa kidole kirefu. Dume ana rangi ya buluu inayong'aa, na koo lake lina michirizi myeusi. Jike ni wa kijani. Mchana anatoka kuota jua na kukamata wadudu, usiku analala humohumo mkadini. Jike huyabandika mayai yake mawili mahali palipojificha. Dume hulinda mkadi wake kama mtu anavyolinda shamba, haruhusu dume mwingine.

Wataalamu walimwandika mwaka 1952 na kumpa jina la Kilatini, Lygodactylus williamsi. Duniani kote hapatikani porini isipokuwa Kimboza na vipande vichache vya msitu vya jirani. Hayuko Kongo, hayuko Arabuni, hata upande wa pili wa Uluguru hayuko. Mwenyezi Mungu alipomuumba alimpa mahali hapo padogo na mti huo mmoja, na kwa hiyo riziki akatosheka.

Angalieni tofauti yake na yule wa chemli. Huyu haingii jikoni kwa mtu. Hadondoki kwenye sufuria. Kusema kweli, mimi mwenyewe niliishi jirani naye kwa miaka nikiwa simjui. Kwangu mimi mjusi alikuwa mjusi.

FEDHA NILIYOIPOKEA

Katika miaka ile ya 2000, watu waligundua kuwa huko Ulaya na Marekani kuna wanaofuga mijusi ndani ya vioo kama sisi tunavyofuga njiwa, na kwamba mjusi wa rangi ile anatafutwa sana. Wakaja wanunuzi, na wanunuzi wakatafuta vijana wa kuwakamatia. Vijana wa kijijini ndio waliojua mikadi iko wapi.

Mmoja wao alikuwa mpwa wangu.

Kwa wasiojua mila zetu Waluguru, ukoo wetu ni wa upande wa mama. Mpwa ni wa mjomba kabla hajawa wa baba. Akifanya jema ni lako, akiharibu watu wanakuja mlangoni kwako. Kijana huyu nilimsomesha Qur'ani mwenyewe, juzuu kwa juzuu.

Mwaka 2007 tulikuwa tunachanga fedha za mabusati. Msikiti wetu ulikuwa na mikeka iliyochakaa, na wazee walilalamika magoti. Siku moja baada ya Ijumaa mpwa wangu akaja na fedha mkononi, akaniambia mbele ya watu: "Mjomba, hii ni ya busati la mbele, pale unaposimama wewe."

Ilikuwa fedha nyingi kwa kijana asiye na kazi. Mzee mmoja akamuuliza kaipata wapi. Akajibu bila kificho kuwa ni ya mijusi ya Kimboza. Mzee akasema, "Lakini msitu ule si wa Serikali?" Mpwa wangu akacheka, akanigeukia mimi: "Si mjomba mwenyewe alitufundisha kuwa mjusi ni kafiri, na kumuua ni thawabu? Sisi hata hatumuui. Tunampeleka tu Ulaya kwa makafiri wenzake."

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka.

Kisha nikapokea fedha, nikaandika kwenye daftari la michango, nikamwombea dua.

Ndugu zangu, sikutoa fatwa siku ile. Sikufungua kitabu, sikusema halali wala haramu. Lakini imamu akicheka, kicheko chake ni fatwa. Vijana wengine waliokuwa pale walitoka msikitini wakijua kuwa jambo lile halina neno. Yule mzee aliyeuliza swali la haki akanyamaza, maana sheikh kacheka. Na mimi kwa miaka mingi nilisujudu kwenye busati lile la kijani, paji la uso wangu juu yake, sala tano kwa siku.

BWANA MISITU

Miaka kadhaa baadaye alikuja bwana misitu mmoja kuomba ruhusa ya kuzungumza na jamaa baada ya Alasiri. Hakuwa Muislamu. Alivua viatu mlangoni, akakaa kwa adabu kwenye busati, akaeleza.

Alisema wataalamu walifuatilia wakakuta kwamba kati ya Desemba 2004 na Julai 2009, kundi moja tu la wakamataji lilitoa Kimboza mijusi isiyopungua 32,310, na huenda ilifika 42,610. Kundi moja! Hiyo ilikuwa kama asilimia 15 ya mijusi wote wa aina ile waliokuwa porini wakati huo. Alieleza kuwa mkamataji akitaka kumfikia mjusi aliye juu, mara nyingi alikata mkadi wenyewe uanguke. Kwa hiyo hakuchukua mjusi tu, aliivunja na nyumba. Hata aliyeachwa, na mayai yaliyobaki, hayakuwa na pa kukaa.

Akaeleza na jambo ambalo lilinichoma kuliko hesabu. Mijusi ile haikuwa na kibali cha kutoka nchini. Ilipitishwa kwa jina la mijusi wa aina nyingine. Yaani kwenye karatasi kiliandikwa kitu kimoja, na ndani ya kasha kilikuwamo kingine.

Alisema mwaka 2012 mjusi huyu aliwekwa katika daraja la mwisho la viumbe walio hatarini kabla ya kutoweka porini. Wengine mtakumbuka kwamba baadaye, mwaka 2016, Serikali yetu ilisitisha kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi. Mwaka huohuo, katika mkutano wa mataifa uliofanyika Johannesburg, mjusi wa Kimboza aliingizwa katika orodha ya kwanza ya mkataba wa CITES, pamoja na wanyama ambao biashara yao ya kimataifa kutoka porini imefungwa kabisa. Kuanzia Januari 2017 hilo likawa sheria. Kiumbe cha urefu wa kidole, kimewekwa safu moja na faru.

Bwana misitu alipomaliza, aliniuliza kwa heshima: "Sheikh, dini yenu inasemaje?"

Nilitazama chini. Macho yangu yakaangukia busati.

MASUALA MANNE

Usiku ule nilirudi kwenye vitabu. Haya ndiyo niliyoyapata, nayaweka mbele yenu kama mwanafunzi, si kama mufti. Mwenye elimu zaidi anisahihishe.

Suala la kwanza: Hadithi. Hadithi za kumuua mjusi zipo na ni sahihi, tusizikane. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Ummu Sharik kuwa Mtume (s.a.w.) aliamuru kuuliwa kwake. Muslim amepokea kutoka kwa Sa'd bin Abi Waqqas kuwa alimwita kifasiki kidogo, na kutoka kwa Abu Huraira ile ya pigo la kwanza. Na Bukhari huyohuyo amepokea kuwa Mama Aisha (r.a.) alisikia akiitwa kifasiki, lakini hakusikia amri ya kumuua. Imamu Nawawi ameeleza kuwa anahesabiwa katika wale wanaodhuru. Hapo ndipo penye ufunguo: madhara. Ameitwa kwa jina lile kwa sababu ametoka katika tabia ya viumbe wengine na kuwa mwenye kuudhi.

Na sasa rudini kwenye swali ambalo hatukuuliza tukiwa watoto. Kwa nini thawabu kubwa ni ya pigo la kwanza, na ya pili ni pungufu, na ya tatu pungufu zaidi? Miongoni mwa hekima walizotaja wanazuoni ni kwamba kuua kwa pigo moja ni kufanya wema katika kuua, asiteseke. Hii inalingana na Hadithi nyingine ya Muslim kuwa Allah ameandika wema katika kila kitu, hata katika kuchinja. Subhanallah! Hadithi tuliyoitumia kufanyia mchezo, na kumpiga mjusi hadi mkia unarukaruka peke yake sisi tunacheka, ndani yake kulikuwa na funzo la huruma. Tulichukua nusu, nusu tukaiacha ukutani na mistari ya mkaa.

Wapo wanazuoni wanaoichukua Hadithi hii kwa ujumla wake, kila mjusi wa jamii hiyo. Siwapingi, wao ni bahari na mimi ni kijito. Lakini hata kwa kauli yao, Hadithi inazungumzia kuondoa madhara. Haizungumzii kumfuata asiyekudhuru ndani ya msitu wa umma, kumkata mti wake, kumtia kwenye chupa na kumuuza.

Suala la pili: biashara yenyewe. Tuliosoma fiqhi ya Imamu Shafi tumepitia Matni ya Abu Shujaa tukiwa vijana. Humo tumesoma kuwa haisihi kuuza kisicho na manufaa, na masharihi wameingiza humo wadudu na watambaao wadogo. Nilikuwa nimeihifadhi ibara hiyo kabla sijaota ndevu, nikaisahau siku nilipoonyeshwa noti. Na tuseme mtu aseme kuwa kumtazama ni manufaa. Haya, lakini mwenye mali ni nani? Huwezi kuuza usichokimiliki. Na kuandika jina lisilo lake kwenye karatasi ni ghushi, na Mtume (s.a.w.) amejitenga na mwenye kughushi.

Suala la tatu: mali ya umma. Katika Bukhari na Muslim kuna kisa cha mtumwa aliyeuawa kwa mshale wakati wa kurudi Khaybar. Watu wakasema hongera yake, amepata shahada. Mtume (s.a.w.) akawakatalia, akaapa kuwa ile nguo aliyoichukua katika ngawira kabla haijagawanywa inamwakia moto. Nguo moja tu, ndugu zangu. Usiku ule nilisoma kisa hicho mara tatu, nikalifikiria busati langu. Msitu wa hifadhi ni mali ya watu wote, waliopo na watakaozaliwa. Aliyetoa humo bila haki kabla haujagawanywa ametenda lilelile, na aliyepokea huku anajua hayuko mbali naye.

Suala la nne: haki ya kiumbe mwenyewe. Katika Suratul-An'am, aya ya 38, tunafahamishwa kuwa hakuna mnyama katika ardhi wala ndege arukaye isipokuwa ni umma kama sisi. Zingatieni Mtume (s.a.w.) alivyoitumia maana hiyo. Katika Hadithi iliyopokewa na Abu Daudi na Tirmidhi alieleza kuwa lau mbwa wasingekuwa umma miongoni mwa umma, angeamuru wauliwe wote. Hata pale penye ruhusa ya kuua baadhi kwa madhara yao, kuutoweka umma mzima hakukuruhusiwa. Sasa mjusi wa Kimboza ni umma ambao kijiji chake ni kimoja. Ukikimaliza kijiji hicho, umeumaliza umma.

Na Abu Daudi amepokea kutoka kwa Ibn Mas'ud kuwa Maswahaba walichukua makinda mawili ya ndege, mama yao akawa anapigapiga mbawa juu yao. Mtume (s.a.w.) akauliza ni nani aliyemtia uchungu kwa watoto wake, akaamuru warudishwe. Katika safari hiyohiyo aliona kichuguu cha sisimizi kimechomwa, akakemea kuadhibu kwa moto. Wale wenye tabia ya kuwasha moto kiangazi na kuuacha upande msituni, hapo mmetajwa. Mkadi wenye majani makavu ukishika moto, mjusi hana pa kukimbilia.

TOBA

Mnajua sharti za toba: kuacha, kujuta, kuazimia kutorudia, na kama kuna haki ya mtu, kuirudisha. Tatu za kwanza ziko moyoni. Ya nne ndiyo iliyonisumbua. Haki ya mjusi unairudisha kwa nani?

Kwanza nilimwita mpwa wangu. Tukaenda Kimboza pamoja na bwana misitu, siku ya Jumamosi asubuhi. Alitupeleka mwenyewe mahali alipokuwa akifanyia kazi. Vishina vya mikadi vilikuwepo bado, vimeoza, vingine vimefunikwa na miche ya sederela, ule mti wa kigeni uliopandwa zamani na sasa unausonga msitu. Tulisimama kwenye mkadi mmoja, wa pili, wa tatu. Kwenye wa nne akatokea dume. Jua lilimpiga, na wallahi rangi ile sijaiona kwenye kitambaa chochote. Alitutazama, akatikisa kichwa mara mbili tatu, akaingia jani la ndani.

Mpwa wangu akasema taratibu: "Mjomba, zamani kila mti alikuwepo."

Kisha akaniuliza: "Na wale waliokwenda Ulaya, Mungu ataturudishia?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia Allah ni Muweza wa kila kitu, lakini nilijua hilo halikuwa alilouliza.

Ijumaa iliyofuata nilisimama kwenye mimbari nikawaeleza watu kila kitu: fedha, kicheko, na yule mzee aliyeuliza swali la haki nami nikamnyamazisha. Alikuwa bado hai, amekaa safu ya mbele. Nilimwomba radhi mbele ya jamaa, akanipa mkono. Tukafungua daftari la mwaka 2007, tukaitazama ile hesabu. Wanazuoni wanasema mali isiyo halali ambayo mwenyewe hawezi kurudishiwa mkononi hupelekwa kwenye maslahi ya umma. Nikatoa kiasi kilekile mfukoni mwangu, kwa awamu, maana imamu wa kijijini hana akiba, zikanunuliwa mapanga na majembe ya kusafishia njia ya moto pembeni ya msitu. Mpwa wangu alitoka na wenzake kufyeka msimu ule. Msimu uliofuata hakwenda, alikuwa amepata pikipiki ya abiria. Simlaumu. Hakurudi kwenye mijusi, na hilo namshukuru Allah kwalo.

Busati tulilitoa. Hatukulitupa, tulimpa bibi mmoja asiye na kitu aanikie mpunga.

MANENO YA KUFUNGIA

Kijana uliyeuliza, jibu lako ni hili: hukutakiwa kuchagua kati ya Mtume na watu wa misitu. Mtume (s.a.w.) ndiye aliyeufanya Madina kuwa mahali patakatifu, miti yake isikatwe na wanyama wake wasiwindwe. Anayelinda msitu kwa haki anafuata njia ambayo Mtume alishaipita. Mjusi anayekudhuru nyumbani una Hadithi yako, nayo ishike kwa adabu zake, bila mateso na bila mchezo. Wa Kimboza mwache na mkadi wake.

Walimu wenzangu wa madrasa, someni Hadithi hii mbele ya watoto yote, pamoja na sababu yake. Mtoto aliyefundishwa thawabu bila huruma atakuja kuwa mtu mzima mwenye panga na hoja.

Mnaoishi Ulaya na Ghuba, mkimkuta mjusi huyu dukani, ulizeni ametoka wapi. Wapo waliozaliwa kwa wafugaji, na wapo walioibwa. Asiyeweza kukuonyesha asili yake kwa karatasi za kweli, usimpe fedha yako.

Na ninyi wa Dar es Salaam mnaodhani haya ni mambo ya Waluguru: maji mengi mnayotawadhia yanatoka Mto Ruvu, na Ruvu inanyweshwa na milima hii ya Uluguru na misitu yake. Ukifungua bomba alfajiri, kumbuka kuna mti huku uliosimama ili wewe upate udhu.

Yule mzee wa safu ya mbele amekwishatangulia mbele ya haki. Kila nikipita barabara ya Matombo na kuiona mikadi, namkumbuka na swali lake: msitu ule si wa Serikali? Maneno matano tu, na yalitosha kutuokoa sote siku ile kama ningeyasikiliza.

Ewe Mwenyezi Mungu, tusamehe tulichokicheka na hakikuwa cha kuchekwa. Turuzuku halali, itosheleze. Wahifadhi viumbe wako ambao tumepewa amana juu yao, na usitujaalie kuwa sababu ya kutoweka umma uliouumba Wewe. Mrehemu kila aliyesema neno la haki akanyamazishwa. Amin.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.